Pikipiki ya Mama wa Kule Juu

Mama yake hakuwa mtu wa kuteremka bure kutoka nyumba ya juu, kwa hiyo Vitalia alipomwona amesimama uani, mkono kiunoni, alijua kuna neno. Wendelin, mumewe, alikuwa kibarazani anafuta pikipiki. Alipomwona mkwewe alifanya kama afanyavyo siku zote: aligeuka akampa mgongo, akainamisha kichwa, akaendelea kufuta tairi lililokwisha takata.

"Baba Ida anasema shikamoo," Vitalia alisema, ingawa Wendelin hakuwa amefungua mdomo.

"Mwambie marahaba. Na umwambie kahawa ikishaisha kupelekwa chama cha ushirika, pikipiki irudi kwangu. Ndugu yako Joakim anakuja kutoka Songea, kazi hana, nataka aanze na hiyo."

Wendelin alikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angemgusa. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Lakini kwa utaratibu wa nyumba ile, neno la mama halikuwa limesemwa mpaka lipite kinywani mwa Vitalia, kwa hiyo alitulia na kitambaa chake, akisubiri kusikia.

"Mama anasema Joakim anakuja kutoka Songea," Vitalia alisema.

"Mwambie nimefurahi," Wendelin aliliambia tairi.

"Na hayo mengine?" mama aliuliza.

"Nitamwambia, mama."

Mama alipanda zake juu. Wendelin alikaa chini kwenye udongo palepale alipokuwa, kama mtu aliyekatwa miguu, na Vitalia hakuhitaji kumwambia hayo mengine.

Wendelin alikuwa mtu wa Liuli, Mnyasa wa ziwani, aliyelelewa na babu yake. Babu huyo alimfundisha kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, hatajwi jina, wala hapitwi ukiwa umekaa juu ya kitu chochote. Huko Liuli kwenyewe wengi walikwisha kuiacha heshima ya namna hiyo, na huku Mpepai kwa Wamatengo haikuwahi kufika kiasi hicho. Lakini Wendelin alipanda nayo mlima siku alipoleta dagaa Mbinga akamkuta Vitalia, na hakuishusha tena. Mwanzoni mama alidhani kijana ana ugonjwa wa shingo. Alipoelezwa aliona ni ujinga. Baada ya mwaka mmoja alikwisha kuzoea, na baada ya miwili usingeweza kumnyang'anya. Walikuwapo akina mama Mpepai wenye nyumba za tofali za kuchoma na wakwe walimu, lakini hapakuwa na mwingine ambaye mkwewe hushuka kwenye pikipiki akimwona, akaisukuma kwa miguu mpaka ampite, kichwa chini.

Na pikipiki yenyewe ilikuwa ya mama. Aliinunua mwaka ambao kahawa ilikuwa na bei, kadi ikaandikwa Benadetha Kapinga, na kwenye madigadi ya nyuma akaandikisha kwa rangi nyekundu MAMA JOAKIM. Wendelin ndiye aliyeiendesha kama bodaboda, kijiweni Mbinga, na humo ndimo zilimotoka chumvi, sare ya mtoto wao Ida na dawa ya panya. Jumapili mama alipotaka kwenda kanisani kwa pikipiki yake, haikuwezekana abebwe na mkwe, kwa hiyo alimkodi Egidi wa kijiweni aje aiendeshe. Siku hizo Wendelin alipita kwa miguu shambani, katikati ya miti ya mikahawa, ili asikutane na pikipiki yake ikimbeba mama mkwe wake na mtu mwingine.

Bila pikipiki ile Wendelin angebaki kuwa kibarua wa kuchuma kahawa kwenye shamba la mama mkwe, kutwa nzima akimpa mgongo. Jambo hilo Vitalia hakutaka hata kulifikiria. Alimpenda mumewe, na alijua mtu anaweza kuvumilia mengi, ila si hilo.

Wiki ileile gari lenye spika lilizunguka Mbinga likitangaza mashindano ya pikipiki. Yangekuwa na madaraja mawili. La kwanza lilikuwa la mabingwa wenye mapikipiki makubwa kutoka mbali, na hilo halikuwahusu. La pili lilikuwa daraja la wanaoanza: watu ambao hawajawahi kushindana, kwa pikipiki ndogo za kawaida, zile za cc mia moja ishirini na tano, kama zilivyotoka dukani, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Mshindi angepewa pikipiki mpya.

"Nikiipata hiyo," Wendelin alimwambia mkewe, "Joakim achukue ya kule juu, na sisi tuwe na yetu."

Kule juu ndilo jina alilompa mama mkwe, kwa kuwa majina mengine yote babu alimkataza.

Tabu ilikuwa hayo maneno, kama zilivyotoka dukani. Mbinga nzima hakuna pikipiki iliyo kama ilivyotoka dukani. Mtu akinunua pikipiki, hata kabla hajaionyesha kwa mkewe, anaipeleka kwa mchomea vyuma, kwa sababu pikipiki ya dukani haibebi magunia mawili ya mahindi na mwenye mahindi. Wiki hiyo wachomeaji wa Mbinga walifanya kazi ambayo hawajawahi kuifanya: watu walipanga foleni kukata vyuma walivyovichomelea wenyewe. Fundi Meshack alisema amejiona kama daktari anayerudisha watoto tumboni.

Ya mama ilikuwa na vitu vingi kuliko zote. Ilitolewa keria ya nondo aliyoisimamia mwenyewe ikichomelewa, likatolewa bampa la mbele, ukatolewa mwavuli na chuma chake, godoro la kiti, kengele ya baiskeli, na rozari ya plastiki iliyofungwa kwenye usukani. Mwisho ikatolewa madigadi yenye jina, ikawekwa ya kawaida iliyoazimwa. Vyote hivyo Vitalia alivificha nyuma ya ghala la mahindi, akavifunika kwa turubai. Pikipiki ilibaki nyembamba, ya aibu kidogo, kama kuku aliyenyonyolewa.

Mama aliuliza iko wapi.

"Iko sevisi, mama."

"Sevisi gani, siku zote hizi?"

"Sevisi kubwa," Vitalia alisema. Mama alikumbusha kwamba injini isiguswe. Tangu mwanzo aliagiza, kupitia Vitalia, kwamba mafuta yamwagwe na yatiwe mengine, lakini fundi yeyote asifungue injini yake, kwa sababu mafundi wanaiba vya ndani. Agizo hilo Vitalia alikuwa amelifikisha bila kulipunguza, maana hakuona ubaya wake.

*

Siku ya mashindano uwanja ulijaa. Njia ilizunguka uwanja wa mpira, ikaingia kwenye barabara ya vumbi kati ya mashamba ya mikahawa, ikarudi, na mashindano yalikuwa mizunguko mitano. Mwandaaji, bwana Hamphrey kutoka Songea, alikuwa na kipaza sauti na miwani myeusi, na alisoma kanuni kwa sauti ya mtu asomaye tangazo la msiba. Kanuni ya mwisho ilisema kwamba kwa kuwa daraja hili ni la pikipiki za kawaida za wananchi, zawadi itakabidhiwa mwenye pikipiki, yule ambaye jina lake limo kwenye kadi.

Vitalia aliisikia vizuri. Alimtazama Wendelin kwenye mstari. Alikuwa amevaa kofia ngumu aliyoazima, iliyomkaza masikio, na injini zilikuwa zinaunguruma, kwa hiyo hakuwa amesikia kitu. Alikuwa anatabasamu. Vitalia angeweza kukimbia akamwambia. Badala yake alipiga hesabu yake haraka: mama hawezi kupanda pikipiki mbili, na Joakim naye hawezi. Moja itabaki. Alinyamaza, na moyo ulimwuma kwa kunyamaza huko.

Mashindano yalianza kwa fedheha. Kibendera kiliposhuka watu walishangilia na kuinua mikono, na waendesha bodaboda wawili, kwa mazoea ya miaka, walikata kona wakasimama mbele ya waliopunga, wakauliza wanakwenda wapi. Hamphrey aliwasihi kwa kipaza sauti waendelee. Mmoja alikwisha kumpakia mtu, na ilichukua muda kumshusha kwa sababu alisema ameshakubaliana bei.

Wendelin hakusimama. Alitoka kwenye mikahawa mzunguko wa kwanza akiwa wa pili nyuma ya Egidi, na Vitalia aliyekuwa amesimama kwenye kona ya kuingilia uwanjani alipiga vigelegele. Hapo ndipo aliposikia mtu anahema nyuma yake.

"Nimefika kijiweni hakuna hata bodaboda moja," alisema mama yake. Alikuwa na vumbi mpaka magotini. "Nimekuja kwa miguu kuitazama hiyo sevisi. Nikaambiwa mafundi wote wako huku."

"Mama, hebu twende kivulini kule."

Mama hakusogea. Alikuwa anazitazama pikipiki zikipotea mikahawani, moja baada ya nyingine, na macho yake yaliing'ang'ania moja ambayo asingeweza kuitambua, kwa kuwa ilikuwa haina hata kitu kimoja chake. Lakini juu yake alikuwa amekaa mtu.

"Mgongo ule naujua," alisema mama.

Kwa miaka tisa hakuwa ameona kitu kingine cha mkwewe. Vitalia alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuwa na maneno ya mtu mwingine ya kufikisha. Alisema ukweli wote, kutoka zawadi hadi turubai, na mama alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mzunguko wa pili Wendelin alitokea mikahawani akiwa wa kwanza. Alikuwa amelala juu ya tangi, vumbi nyuma yake, watu wanamwita kwa jina. Akaona kona. Akamwona mama mkwe amesimama konani. Alikamata breki, akashuka, akainamisha kichwa, akaanza kuisukuma pikipiki.

Wendelin aliisukuma polepole, kwa adabu, uso ameugeuzia upande wa pili, huku pikipiki nyingine zinampita kushoto na kulia. Alipompita mama kwa umbali wa kutosha alipanda tena, akawasha, akaondoka kama mwehu. Hamphrey alitangaza kwamba namba saba amepatwa na hitilafu ndogo na ameirekebisha.

Mzunguko wa tatu namba saba alikwisha kuwapita wanne, akafika konani, akapatwa na hitilafu ileile mahali palepale. Watu sasa walicheka. Kijana mmoja aliyekuwa anatafuna muwa alisema kwa sauti kwamba mkweche ule ungepelekwa kwa wauza vyuma chakavu.

"Mkweche wa nani?" mama aliuliza.

"Huo unaosukumwa, mama."

"Hausukumwi kwa ubovu," alisema mama. "Unasukumwa kwa heshima."

Kijana alisema heshima ya namna hiyo hajaiona, akaendelea na muwa wake. Vitalia alimshika mama mkono. Alimwomba aondoke tu pale, ajifiche hata nyuma ya mti, Baba Ida apite. Mama alijibu kwamba hawezi kufukuzwa penye mali yake mbele ya watu. Lakini alikuwa anamtazama yule kijana kwa jicho la pembeni, na Vitalia aliyemfahamu mama yake aliona kwamba neno mkweche limemwingia.

"Angekuwa haniheshimu angekuwa wa kwanza?" mama aliuliza.

"Angekuwa wa kwanza kwa mbali."

Mama alifikiri. Kisha akageuka, akaupa uwanja mgongo, akabaki anatazamana na mkahawa.

"Haya. Simwoni, hanioni," alisema. "Nisimulie."

Wendelin alitokea mzunguko wa nne. Alikuwa ameshaanza kubana breki alipokuta mama mkwe ndiye amempa yeye mgongo. Jambo hilo babu wa Liuli hakuwa amelifundisha. Vitalia alimwona akipunguza mwendo, akisita, mguu mmoja umeshuka chini, akitafuta kichwani kanuni ambayo haipo. Kisha akauinua mguu, akainama, akapita.

"Amepita?"

"Amepita, mama."

"Juu ya pikipiki?"

"Juu ya pikipiki."

Mama aliguna kama mtu aliyeibiwa kitu ambacho hawezi kukishtakia. "Kwa kasi?"

"Kwa kasi, mama."

"Yuko wa ngapi sasa? Egidi yuko wapi? Mbona unasimulia kama umelala, Vitalia?"

Vitalia alisimulia. Alisimulia mzunguko wa mwisho mzima kwa kupiga kelele, na mama akiwa ameshika tawi la mkahawa kwa mikono miwili, akiliamrisha liongeze mafuta. Wendelin aliwapita watu mpaka hapakuwa na njia ya kuwapita wengine. Alimaliza wa tano.

*

Vitalia alimkuta amekaa chini karibu na pikipiki, kofia bado kichwani. Alikuwa analia, na hakuficha. Vitalia alikaa naye, na hakujua aanze na lipi kati ya mambo mawili aliyomficha, kwamba mama ndiye atakayepewa zawadi na kwamba mama amekwisha kuambiwa yote.

Kumbe mashindano hayakuwa yamekwisha. Hamphrey alileta fundi mwenye spana, akasema mshindi wa daraja hili anathibitishwa na injini, na injini zitafunguliwa. Aliyekuwa wa kwanza alikutwa na kabureta ya pikipiki kubwa zaidi. Wa pili alikutwa na pistoni iliyotoka mahali ambapo hakuweza kupaeleza. Wa tatu alipoiona spana aliwasha pikipiki yake akaondoka, na hajaonekana Mbinga hadi leo. Wa nne alikuwa Egidi, na alisema wasijisumbue. Fundi alifika kwenye ya mama, akafungua, akachungulia ndani muda mrefu. Alisema injini hii haijawahi kuguswa na mkono wa mtu tangu iliposhushwa melini.

Watu walimwinua Wendelin juu juu. Walimbeba mpaka mbele ya pikipiki mpya, nyekundu, kiti bado kimefunikwa nailoni, na Hamphrey akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Pikipiki uliyoendesha ni ya nani? Maana kwa kanuni, zawadi ni ya mwenye kadi."

Vitalia aliona uso wa mumewe ukibadilika polepole, alipokuwa anaielewa kanuni ile kwa mara ya kwanza.

"Ni ya kule juu," Wendelin alisema.

"Juu wapi?"

Wendelin alionyesha kidole upande wa Mpepai. Hamphrey aliomba jina. Wendelin alinyamaza. Hamphrey aliuliza tena, na minong'ono ikaanza, mtu akasema labda ni ya wizi, mwingine akasema hata yeye aliona siku ile watu wanaivua vyuma. Polisi mmoja aliyekuja kutazama mashindano tu alianza kujisogeza mbele. Wendelin aligeuka akamtafuta mkewe kwa macho, kama alivyozoea, amsemee.

Vitalia alikuwa na kinywa, na alijua kingeweza kusema lolote. Angesema ni yetu, kadi imepotea, na labda ingepita. Mama alikuwa amesimama nyuma ya watu, na safari hii hakuwa amegeuka. Vitalia alihisi uchovu wa miaka tisa ukimshukia mabegani, uchovu wa kubeba maneno ya watu wawili waliokuwa wanasikiana.

"Sema mwenyewe, Baba Ida," alisema.

Wendelin alivua kofia. Akaliita jina ambalo hajawahi kulitamka, na kipaza sauti kikalipeleka mpaka barabara kuu.

"Benadetha Kapinga."

"Abee," aliitikia mama.

Aliitikia kama aitikavyo mwanamke yeyote akiitwa, kabla hajafikiri. Uwanja uliangua kicheko. Mama mwenyewe aliziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka. Watu walimpisha, akaja mbele, akasimama uso kwa uso na mkwewe. Wendelin hakuwa na pa kugeukia, watu walikuwa kila upande. Mama alimtazama taratibu, kuanzia paji la uso, na alionekana kushangaa kumkuta ana pengo.

"Keria yangu iko wapi?"

Wendelin alimtazama Vitalia, akisubiri swali limfikie. Vitalia alikuwa anatazama mawingu.

"Iko nyumbani, mama," Wendelin alisema mwishowe. "Nyuma ya ghala."

"Na madigadi yenye jina langu?"

"Iko pamoja nayo, mama."

"Karudishe vyote. Jumatatu kuna gunia za kahawa za kubeba." Alimpokea Hamphrey ufunguo, akaitazama pikipiki mpya. "Hii atajifunzia Joakim. Hajui kuendesha, ile ya zamani angeiua."

Walirudi kwa miguu, Wendelin akiisukuma pikipiki. Walipofika kwenye mteremko wa nyumbani aliuliza kama Vitalia aliisikia habari ya mwenye kadi asubuhi.

"Niliisikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeingia?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Nisingeingia," alisema, na akaendelea kuisukuma pikipiki ya mama, ambayo sasa angeweza kuipanda hata mbele ya mwenyewe.

*

Kwa hiyo walibaki na kazi yao, na mama akabaki na pikipiki mbili. Keria ilichomelewa upya, mwavuli ukarudi, rozari ikarudi. Jumapili Egidi hakukodiwa tena. Mama alipanda nyuma ya mkwewe, akamshika bega, na kutoka Mpepai mpaka kanisani akamwambia mambo yote ambayo kwa miaka tisa Vitalia alikuwa anayachuja: kwamba anakata kona vibaya, kwamba anapenda kulala, kwamba dagaa anaoleta ndugu zake wa Liuli wana mchanga. Zamani Wendelin alikuwa na haki ya kutoyasikia. Sasa ilimbidi aitikie, na aitikie vizuri.

Asubuhi moja, mama akiwa uani anamsubiri kwa habari ya breki, Wendelin aliingia jikoni akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa amechoka hata kabla ya kuanza kazi.

"Mama Ida," alinong'ona, "nakuomba. Mwambie mama yako breki nitazitengeneza kesho."

Vitalia alikuwa anasonga ugali, na ulikuwa umefika pale pagumu pa kuusonga kwa nguvu.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Jina lake si unalijua."